Mwenda wa Bayeke: gitaa na Kiswahili cha mji

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930, mtu wa Bunkeya, katika Bayeke wa Katanga. Wazee wa Bayeke walikuja na Msiri kutoka upande wa Unyamwezi katika karne ya 19. Kiswahili, basi, kilikuwa kimefika kwao kwa njia za misafara kabla ya reli na migodi.

Mwezi wa pili mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na kunasa nyimbo zake. Kijana alipiga kwa vidole viwili tu: dole gumba kwenye nyuzi nene, cha shahada kwenye nyembamba, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Wimbo wake "Masanga" ulipata zawadi ya Osborn mwaka huohuo.

Wanamuziki wamechambua sana vidole hivyo. David Rycroft aliandika nota zake kwa uangalifu mkubwa. Mimi nashangaa jinsi lugha yake ilivyoachwa nyuma. Katika miji ya Union Minière walikutana Baluba, Babemba, Balunda, watu wa Kasai na wa Ruanda, na lugha iliyowaunganisha kazini na baa ilikuwa Kiswahili. Hapo mtu ni "muntu", watu ni "bantu", na "iko" inafanya kazi ya "ni". Bosco aliimba mapenzi, watoto na mambo ya mji kwa lugha hiyo. Sisi wa Moba tunaijua vizuri, na wengi wetu tumesahihishwa kwa ajili yake darasani, kana kwamba ni Kiswahili sanifu kilichovunjika. Lakini ina kanuni zake, na sahani zake zilivuka mpaka hivyohivyo. Nairobi, alikofika mwishoni mwa miaka ya 1950, wapiga gitaa walijifunza kwake.

Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Miaka kumi baadaye Mwingereza John Low alikuja Shaba kujifunza kwake, akatoa kitabu cha safari hiyo. Mwaka 1988 Bosco alirekodi tena, safari hii Cape Town. Mwezi wa tisa mwaka 1990 alifariki katika ajali ya gari huko Zambia.