Padre Viñes na Tufani za Kuba

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Kwetu ni Bujumbura, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na baba yangu huenda ziwani usiku na taa kuvua ndagala. Mwaka juzi upepo mkali ulivuma kwa ghafula, na baba yangu mdogo hakurudi tena. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama mtu aweza kuujua upepo kabla haujafika. Ndiyo sababu nilipopata habari za Padre Benito Viñes nilizisoma mara tatu, na leo nataka kuwasimulia maisha yake.

Padre Viñes alizaliwa tarehe 19 Septemba 1837 katika kijiji cha Poboleda, nchi ya Hispania. Aliingia katika shirika la Wajesuti, akajifunza fizikia na hesabu. Mwaka wa 1868 serikali mpya ya Hispania iliwafukuza Wajesuti wote. Mwaka wa 1870 akafika Havana katika kisiwa cha Kuba, ambacho wakati ule kilitawaliwa na Hispania, awe mkuu wa nyumba ya kupimia hali ya hewa katika Chuo cha Belén.

Katika bahari ile, kati ya Juni na Novemba, tufani huzaliwa juu ya maji ya moto. Upepo wake huzunguka kama pia, na katikati pana mahali patulivu paitwapo jicho. Tufani huangusha nyumba, tena husukuma maji ya bahari yapande nchi kavu, na mara nyingi maji hayo huua watu wengi kuliko upepo wenyewe. Siku zile watu waliijua tufani ilipokuwa imekwisha kubisha hodi.

Padre Viñes hakuwa na ndege wala kompyuta. Alikuwa na kipimahewa, macho yake, na subira. Kila siku alipima hewa na kuandika mawingu yaendako, akasoma pia madaftari ya miaka iliyotangulia. Hata akatambua kwamba mawingu membamba ya juu sana, yaliyo kama manyoya, hutangulia tufani, nayo huonekana kama yametoka mahali pamoja mbali, huko iliko tufani. Tena mawingu ya chini na ya juu hayaendi upande mmoja. Kwa kulinganisha njia zake aliweza kukisia kitovu cha tufani kiko wapi na chaelekea wapi.

Tarehe 11 Septemba 1875 alitangaza kwamba tufani inakuja. Hebu fikirini moyo wake ulivyokuwa! Kama angekosea watu wangemcheka, na mara ya pili nani angemsikiliza? Siku mbili baadaye tufani ikaipiga Kuba, lakini watu walikuwa wamekwisha kupata habari, na wengi wakapona. Tufani hiyo hiyo iliendelea mpaka Marekani, na tarehe 16 ikauharibu vibaya mji wa bandari wa Indianola, huko Texas.

Padre hakukaa kitako. Baada ya tufani kubwa ya Septemba 1876 alisafiri Kuba na Puerto Rico kukagua uharibifu na kuwauliza watu yale waliyoyaona, na mwaka wa 1877 akatoa kitabu juu ya tufani. Alipata pia watu wa kumpelekea habari kwa simu kutoka visiwa vya mbali, kama Barbados na Jamaica. Halafu akabuni chombo cha kuwasaidia manahodha: ukikigeuza kwa kufuata upepo na mawingu, chakuonyesha kitovu cha tufani kilipo.

Alifariki Havana tarehe 23 Julai 1893, mwenye umri wa miaka 55.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwezi wa Septemba 1900 wataalamu wa Kuba, waliofuata njia ya Padre, waliona kwamba tufani yaelekea upande wa Texas. Wakubwa wa idara ya hali ya hewa ya Marekani waliwadharau, hata wakazuia simu zao za hali ya hewa. Tarehe 8 tufani ikaufikia mji wa Galveston, Texas, na watu wapatao 8,000 wakafa.

Leo ziko programu za kompyuta zinazopokea habari za satelaiti na ndege, zikachora njia ya tufani, zikaonyesha maji yaweza kupanda mpaka wapi na watu wahame lini. Mimi naziona kuwa wajukuu wa kile chombo cha Padre. Hata hivyo hazina faida kama hakuna anayesikia. Basi mwenye kuonya asichoke, na mwenye kuonywa asizibe masikio.

Upepo wa ziwa letu si tufani, nao huja upesi mno. Hata hivyo nimeanza daftari langu. Kila jioni wakati wa likizo, baba akitengeneza nyavu, mimi huandika mawingu yalivyo na upepo utokako. Mwanzoni baba alicheka. Likizo iliyopita, kabla hajasukuma mtumbwi, aliniuliza daftari lasemaje.