Larry Shinoda na Vibao vya Mustang

Wapenzi wa Mustang ya zamani wanavijua vile vibao vyeusi vilivyopangwa kama magamba ya samaki juu ya kioo cha nyuma. Aliyevichora, wengi hawamjui.

Larry Shinoda alizaliwa Los Angeles mwaka 1930, Mmarekani wa asili ya Kijapani. Mwaka 1942, vita vikiwaka, serikali yake ilimtia pamoja na jamaa zake katika kambi ya Manzanar, jangwani California, nyuma ya seng'enge. Alikuwa na miaka 12. Kosa lake lilikuwa nasaba tu.

Alipokua alishika kalamu ya kuchora motokaa. Kwa General Motors alishiriki kuchora Corvette Sting Ray ya 1963. Mwaka 1968 alihamia Ford, na mwaka uliofuata ikatoka Mustang Boss 302, jina alilolichagua mwenyewe. Vibao vile hukinga jua, na dereva huona nyuma kupitia nafasi zake. Mwaka huo huo wa 1969 alifutwa kazi.

Shinoda alifariki mwaka 1997. Hata leo wenye magari yale hununua vibao vya namna hiyo na kuvifunga wenyewe. Nchi iliyomweka mtoto kizuizini ikaja kujipamba kwa kazi ya mkono wake.