Makhan Singh na Waajiri wa Nairobi

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka wa 1913, akawasili Nairobi mwaka wa 1927. Babake, Sudh Singh, aliyekuwa seremala wa reli, alifungua matbaa, na humo ndimo kijana alimoanza kazi.

Sheria za kazi za koloni zilikuwa kisu chenye makali upande mmoja. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka wa 1906, Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alishtakiwa kama mhalifu na angeweza kufungwa. Mwajiri aliyepunja mshahara hakuwa na mengi ya kuhofia. Makhan Singh aling'amua kwamba palipokosekana hakimu wa kumwajibisha tajiri, wafanyakazi wenyewe hawakuwa na budi kuungana. Mwaka wa 1935, chama cha wafanyakazi Wahindi ambacho yeye alikuwa katibu wake kiligeuzwa kuwa cha watu wa rangi zote. Katika mji uliotenga hata makazi kwa rangi, hatua hiyo haikuwa ndogo.

Tarehe 1 Aprili 1937 mgomo ulianza. Mafundi walistahimili siku 62, ilhali familia zao hazikuwa na akiba ya kutajika. Hatimaye waajiri walikubali nyongeza ya asilimia 15 hadi 22, siku ya kazi ya saa nane, na waliogoma kurudishwa kazini. Serikali nayo ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi mwaka huohuo.

Alipokwenda India alizuiliwa tangu 1940 hadi 1945. Alirejea Kenya mwaka wa 1947. Jitihada za kumfukuza nchini ziligonga mwamba. Mwaka wa 1949 yeye na Fred Kubai waliasisi kongresi ya vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Serikali ilikataa kuisajili, kisha ikawashtaki viongozi wake kwa kuendesha chama kisichosajiliwa! Walikamatwa tarehe 15 Mei 1950, wiki chache baada ya Makhan Singh kudai uhuru hadharani pale Kaloleni, na Nairobi ikagoma. Kubai aliponyoka kwa muda. Mwenzake alikaa kizuizini hadi Oktoba 1961.

Kenya huru haikumpa cheo chochote kikubwa. Aliketi na makaratasi yake ya miaka mingi, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi iliyochapishwa mwaka wa 1969. Alifariki tarehe 18 Mei 1973. Makaratasi hayo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.