Lon Chaney Mdogo: Mbwa mwitu aliyelia, ukumbi ukacheka

KATIKA historia ya filamu za kutisha wapo waigizaji walioogopwa na wapo waliochekesha. Lon Chaney Mdogo, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1973, ni miongoni mwa wachache walioonewa huruma.

Kwa watazamaji wa miaka ya 1940, yeye ndiye aliyekuwa mtu anayegeuka mbwa mwitu: kiumbe anayeamka asubuhi akiwa ametapakaa hatia, asijue usiku amemdhuru nani. Na mwaka 1948, kampuni ya Universal ilipoamua kuwakutanisha mazimwi wake na wachekeshaji, ni yeye aliyeizuia filamu hiyo isigeuke mzaha mtupu.

Alilimudu vyema jukumu la mtu aliyelaaniwa. Huenda ni kwa sababu yeye mwenyewe aliishi akibeba kitu ambacho hakukichagua, nacho ni jina.

Alizaliwa Februari 10, 1906, Oklahoma City, akaitwa Creighton Tull Chaney. Creighton lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, Cleva, aliyekuwa mwimbaji. Baba yake, Lon Chaney, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, mtoto wa wazazi viziwi, ambaye tangu utotoni alijifunza kuzungumza kwa mikono na uso.

Ndoa hiyo haikuwa na amani. Mwaka 1913 Cleva alikunywa sumu katika jumba la maigizo jijini Los Angeles alikokuwa akifanya kazi mumewe. Aliokoka, lakini sauti yake ya kuimbia ilikuwa imeharibika. Talaka ikafuata, na mtoto akapitia malezi ya mbali na nyumbani mpaka baba yake alipooa tena.

Wakati huo nyota ya baba ilikuwa ikipanda. Katika filamu zisizo na sauti, Lon Chaney alijigeuza atakavyo: mwaka 1923 alikuwa kibiongo wa kanisa la Notre Dame, na mwaka 1925 alikuwa mzuka mwenye uso wa fuvu katika ‘The Phantom of the Opera’. Vipodozi alijipaka mwenyewe, na Marekani nzima ikamwita mtu mwenye sura elfu moja.

Mzee huyo hakutaka mwanawe afuate njia yake. Creighton alitii. Alioa, akapata watoto, akafanya kazi katika kampuni ya vifaa vya kuchemshia maji. Pengine angestaafu akiwa katika kazi hiyo na asijulikane na yeyote nje ya mtaa wake.

Lakini Agosti 26, 1930, Lon Chaney alifariki dunia kwa saratani akiwa na umri wa miaka 47. Miaka miwili baadaye mtoto aliingia kwenye filamu, kwa jina lake halisi la Creighton Chaney.

Alipata sehemu ndogo ndogo, nyingine za kupigana na kuanguka kutoka juu ya farasi. Wenye studio walikuwa na shauri moja tu: achukue jina la baba yake. Kwa muda alikataa. Mwaka 1935 alisalimu amri, akawa Lon Chaney Mdogo, na baadaye alieleza kuwa ni njaa iliyomlazimisha.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa kijana huyu usemi huo ulikuwa mzigo, maana kila aliyenunua tiketi alikuja kumpima kwa kipimo cha marehemu. Miaka ya 1940 Universal ilikwenda mbali zaidi, ikaliondoa neno Mdogo katika matangazo yake, likabaki jina la baba peke yake.

Hata hivyo, heshima ya kwanza aliipata kwa jasho lake. Mwaka 1939 aliigiza kama Lennie katika ‘Of Mice and Men’, filamu iliyoongozwa na Lewis Milestone kutokana na riwaya ya John Steinbeck. Lennie ni kibarua wa mashambani mwenye nguvu nyingi na akili ya mtoto, anayependa vitu laini na kuviua kwa kuvishika. Chaney alionyesha jambo ambalo baba yake hakuhitaji kulionyesha kwa namna hiyo: jitu kubwa lisilojua ukubwa wake.

Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufika kwa mbwa mwitu.

Filamu ya ‘The Wolf Man’ ilitoka Desemba 1941, siku chache baada ya Japan kuishambulia Pearl Harbor. Iliongozwa na George Waggner na kuandikwa na Curt Siodmak, Myahudi aliyekimbia Ujerumani baada ya Wanazi kushika madaraka. Chaney alikuwa Larry Talbot, anayerejea nyumbani kwa baba yake, anaumwa na mbwa mwitu usiku, kisha anageuka kuwa mbwa mwitu yeye mwenyewe.

Mpambaji sura Jack Pierce alimbandika manyoya ya yaki, mnyama wa jamii ya ng’ombe wa milima ya Asia, kazi iliyochukua saa nyingi za kukaa bila kutikisika. Lakini kilichobaki akilini mwa watu si manyoya. Ni macho ya Talbot anapotambua kuwa muuaji anayesakwa na kijiji kizima ni yeye. Mwishoni anauawa na baba yake mzazi, kwa fimbo yenye kichwa cha fedha.

Biashara ikawa nzuri, na Universal haikumwacha apumzike. Mwaka 1942 alikuwa zimwi la Frankenstein na pia maiti iliyokaushwa ya Misri. Mwaka 1943 alivaa joho la mnyonya damu katika ‘Son of Dracula’. Mwaka huo huo Talbot alifufuliwa katika ‘Frankenstein Meets the Wolf Man’, na hapo ndipo mwezi mpevu ulipowekwa wazi kama chanzo cha mageuzi yake. Majukumu mengine walipokezana waigizaji mbalimbali. Talbot alibaki wa Chaney peke yake katika filamu zote za mfululizo huo.

Kufikia mwaka 1948 watazamaji walikuwa wameyachoka mazimwi hayo. Universal ikawaita wachekeshaji wake wawili maarufu, Bud Abbott na Lou Costello, na mwongozaji Charles Barton akatengeneza ‘Abbott and Costello Meet Frankenstein’. Wawili hao ni wapokea mizigo wa kituo cha reli huko Florida, wanaoletewa makasha mawili. Ndani yamo Dracula, aliyeigizwa na Bela Lugosi, na zimwi la Frankenstein, lililoigizwa na Glenn Strange.

Talbot anapiga simu kutoka London kuwaonya. Katikati ya maongezi mwezi unachomoza, sauti inakuwa mngurumo, na Costello anadhani ni mbwa aliyeachwa karibu na simu. Baadaye, hotelini, Talbot anamsihi amfungie chumbani na asifungue, lolote atakalolisikia. Costello anaingia tena kupeleka begi, anazungukazunguka, na mbwa mwitu anamrukia na kumkosa bila yeye kujua.

Ukumbi ulicheka kwa sababu Chaney hakucheka. Wakati Abbott na Costello wakifanya vituko, yeye aliigiza kana kwamba yumo katika msiba ule ule wa mwaka 1941. Hofu yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana upumbavu wa wenzake ulichekesha. Strange alipoumia mguu kazini, Chaney alivaa pia mavazi ya zimwi la Frankenstein na kumalizia tukio moja kwa niaba yake.

Filamu ilifanikiwa sana, lakini Chaney hakuifurahia. Miaka ya baadaye alilalamika kuwa wachekeshaji wale waliwageuza mazimwi kuwa vinyago vya kuchekwa. Historia haikukubaliana naye: mwaka 2001 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Na mwaka 1981, John Landis alipochanganya tena kicheko na damu katika ‘An American Werewolf in London’, alimfanya mhusika wake aitaje ‘The Wolf Man’ ya Chaney.

Miaka iliyofuata haikumwendea vizuri. Pombe ilimtawala, na majukumu makubwa yakapungua. Bado alionekana katika kazi za kuheshimika, zikiwamo ‘High Noon’ ya mwaka 1952 na ‘The Defiant Ones’ ya mwaka 1958. Mwaka 1957 ilitoka filamu ya maisha ya baba yake, na aliyechaguliwa kuwa Lon Chaney alikuwa James Cagney.

Alifariki dunia Julai 12, 1973, San Clemente, California, akiwa na umri wa miaka 67. Mwili wake ulitolewa kwa ajili ya mafunzo ya udaktari, hivyo hakuna kaburi ambalo mashabiki wanaweza kulizuru.

Mwaka 1997 Posta ya Marekani ilitoa stempu za mazimwi mashuhuri wa sinema. Baba yumo, kwa sura ya mzuka wa Opera. Mtoto naye yumo, kwa sura ya mbwa mwitu, sura ambayo hakurithishwa na mtu.