Namba 21 ya Curt Flood

Katika mchezo wa besiboli huko Marekani iko desturi ya kumheshimu mchezaji kwa kuistaafisha namba ya jezi yake, isivaliwe tena na mtu mwingine. Timu ya St. Louis Cardinals imekwisha kuzistaafisha namba nyingi. Namba 21 ya Curt Flood haimo.

Flood alizaliwa Houston mwaka 1938, akalelewa Oakland. Toka mwaka 1958 hadi 1969 aliichezea Cardinals akilinda katikati ya uwanja wa nyuma, akapata tuzo ya ulinzi bora miaka 7 mfululizo, na timu ikatwaa ubingwa mwaka 1964 na 1967. Lakini tusimpime kwa mipira aliyoidaka tu.

Oktoba 1969 aliarifiwa kuwa amepelekwa timu ya Philadelphia kwa kubadilishana wachezaji. Hakuulizwa. Siku zile mkataba wa kila mchezaji ulikuwa na kifungu kilichomfunga kwa mwenye timu mwaka baada ya mwaka, mpaka mwenye timu apende kumwuza au kumwacha. Flood alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, na wako waliomcheka kwa kulalamika na fedha zote hizo mfukoni. Hao hawakulifahamu shauri lenyewe. Hakudai nyongeza ya mshahara. Alidai haki ya kumchagua mwajiri, haki aliyokuwa nayo hata mfagiaji wa uwanja ule ule.

Januari 1970 alifungua mashtaka. Chama cha Wachezaji kilimlipia mawakili. Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947, alikwenda kumtolea ushahidi ingawa alikwisha kustaafu. Katika wachezaji waliokuwa wangali kazini hakutokea hata mmoja. Riziki ni kitu cha kuogopewa, wala hatuwalaumu sana. Ila matunda ya kesi ile waliyala wao.

Flood alipoteza msimu mzima wa 1970. Mwaka 1971 alicheza mechi 13 tu huko Washington, akaacha. Juni 1972 Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilimnyima haki yake kwa kura 5 dhidi ya 3. Mwaka 1975 mwamuzi wa migogoro ya kazi akawafungua wachezaji wengine wawili, na kifungu kile kikapoteza nguvu.

Flood alifariki tarehe 20 Januari 1997. Aprili mwaka huo namba 42 ya Robinson ilistaafishwa katika timu zote za ligi kuu, nayo ilistahili. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina la Flood. Namba 21 wamepewa wachezaji wengine, vijana wanaojua kwamba wakitimiza miaka 6 katika ligi kuu, mkataba ukiisha wataweza kwenda watakako.