Odhiambo: Msomi aliyetaka mdudu ajulikane kabla ya kupuliziwa dawa

MKULIMA wa Budalang'i anapoamka na kukuta mahindi yake yametobolewa majani, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kukimbilia duka la pembejeo mjini Busia au Port Victoria kununua dawa. Mara nyingi hununua bila kumjua adui, akapoteza fedha na mahindi pia.

Kosa hilo ndilo Profesa Thomas Risley Odhiambo alilotumia maisha yake kupigana nalo. Alifariki Mei 2003 akiwa na umri wa miaka 72, lakini mashamba ya eneo la Magharibi yangali yanavuna alichopanda.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mnamo 1931, akasomea Maseno kisha Makerere. Baada ya masomo aliajiriwa na idara ya kilimo nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Busia na Malaba. Wakati huo kazi ya mtaalamu wa wadudu ilikuwa kutambua mharibifu na kupendekeza sumu ya kumwangamiza. Kijana huyo aliona kwamba hiyo ilikuwa nusu ya kazi.

Mnamo 1959 alichapisha maelezo kuhusu mdudu mmoja mwindaji, ambaye hudunga viwavi na kuwafyonza. Kinachoshangaza ni kwamba dume wa mdudu huyo ndiye anayelinda mayai hadi yaanguliwe, jambo lililo nadra mno miongoni mwa wadudu. Anayepulizia shamba lake sumu ovyo humuua baba huyo pamoja na viwavi. Msimu ufuatao viwavi hurejea, naye mlinzi hayupo.

Kutoka Uganda alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako alichunguza homoni za nzige dume wa jangwani na kupata shahada ya uzamifu mnamo 1965. Angeweza kubaki huko. Badala yake alirudi Nairobi kufundisha, na mnamo 1967 akaandika katika jarida la Science la Marekani makala iliyotetea kuanzishwa kwa vituo vya utafiti vya hali ya juu katika ardhi ya Afrika. Miaka mitatu baadaye kilizaliwa kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ICIPE, naye akawa mkurugenzi wake hadi 1994. Makao yake makuu mtaani Kasarani huitwa Duduville, jina linalomfaa mtu aliyewaheshimu wadudu kiasi hicho.

Tuzo zilifuata, ikiwemo ile ya uongozi wa Afrika katika vita dhidi ya njaa, aliyotunukiwa mwaka 1987 pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Hata hivyo, tuzo hazimshibishi mkulima, na ni haki kusema kwamba matunda ya kituo hicho yalichukua miaka mingi kufika shambani.

Maji ya mto Nzoia humwagikia Ziwa Viktoria huko Budalang'i. Kusini, ng'ambo ya ziwa, kuna Mbita, ambako Odhiambo alijenga kituo cha nyanjani. Hapo ndipo, kuanzia miaka ya 1990, Dkt Zeyaur Khan na wenzake walipobuni mbinu ya vuta-sukuma kwa ushirikiano na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Uvumbuzi huo si wa Odhiambo mwenyewe, lakini ulimea katika nyumba aliyoijenga.

Katika mbinu hiyo, desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo wa bungua. Nyasi za napier zilizozunguka shamba huwavuta watage huko, na funza wengi wanaoanguliwa hunaswa na utomvu wake wakafa. Mizizi ya desmodiamu nayo huchochea mbegu za kiduha, gugu ambalo Waluo huliita kayongo, zichipuke na kufa kabla ya kushika mizizi ya mahindi. Mifugo hupata malisho. Wakulima wa Busia ni miongoni mwa walioikumbatia mbinu hii.

Lakini kila tiba huanza na utambuzi. Bungua huacha matundu yaliyojipanga mstari kwenye majani machanga, kisha jani la kati hukauka. Akishaingia ndani ya bua, dawa ya kupulizia haimfikii tena. Mahindi yaliyodumaa na kunyauka hata mvua inaponyesha, huku maua ya zambarau yakichomoza chini yake, yameshikwa na kiduha, na hakuna dawa ya wadudu itakayoyaokoa.

Viwavijeshi vamizi, walioingia Magharibi mwa Kenya mnamo 2017, hutafuna majani kwa fujo na kuacha kinyesi kama unga wa mbao katika kikonyo cha mhindi. Kichwani wana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangika kama pembe za mraba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mashamba ya vuta-sukuma yalikuwa na viwavi hao wachache mno kuliko ya mahindi matupu.

Odhiambo hakuishi kumwona kiwavi huyo. Kituo cha Mbita sasa kinabeba jina lake.