Abe Saperstein: mfupi aliyewatawala warefu wa kikapu

Wadau wa kikapu, ukitaja mitupo ya pointi tatu watu wanakimbilia kumtaja Stephen Curry. Mimi leo nawaletea jamaa aliyefariki mwaka 1966, ambaye hata futi tano na nusu hakufika. Anaitwa Abe Saperstein, mwenye timu ya Harlem Globetrotters.

Alizaliwa London tarehe 4 Julai 1902, kwenye familia ya Wayahudi waliotoka Poland. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Familia ikahamia Chicago Abe akiwa bado mdogo. Alipenda michezo ile mbaya, ila kimo kikamwangusha. Kama hawezi kuwa staa, basi akaamua kuwa bosi wa mastaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 akachukua vijana weusi wa Chicago, akawa anazunguka nao vijiji na miji midogo kucheza na timu za wenyeji. Jina la Harlem lilikuwa la biashara tu. Harlem ni mtaa wa New York uliosifika kwa watu weusi, naye alitaka watazamaji wajue mapema wanaokuja ni akina nani. Cha kuchekesha, timu haikucheza Harlem kwenyewe mpaka 1968, mzee akiwa kaburini tayari.

Wengi wetu tunawajua Globetrotters kwa vichekesho na mpira unaozungushwa kidoleni. Lakini jamaa walikuwa wanajua kucheza, tena sana. Mwaka 1940 walibeba ubingwa wa mashindano ya dunia ya timu za kulipwa. Februari 1948 wakawafunga Minneapolis Lakers 61–59, mpira wa Ermer Robinson ukiingia sekunde za mwisho kabisa. Lakers hao (ndio hawa wa Los Angeles wa leo) walikuwa na George Mikan, jitu la futi sita na inchi kumi! Mwaka 1949 wakawafunga tena. Baada ya hapo, nani tena angesema mtu mweusi hawezi?

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. NBA ilikuwa bado haina mchezaji mweusi hata mmoja. Ukiwa mweusi na unajua kikapu, mlango mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Saperstein, na ufunguo anao yeye. Wenye timu za NBA walikuwa wanaogopa kumuudhi, maana Globetrotters ndio waliokuwa wanawajazia kumbi. Boston Celtics walipomchagua Chuck Cooper mwaka 1950, mzee alikasirika kweli. Lakini mwaka huohuo yeye mwenyewe akamuuza Nat Clifton, maarufu kama Sweetwater, kwa New York Knicks. Mwaka 1953 Marques Haynes, bingwa wa kudunda mpira, naye akagombana na bosi juu ya mkataba, akaondoka akaanzisha timu yake.

Upande wa pili, tusimnyime haki yake. Agosti 1951 aliipeleka timu uwanja wa Olimpiki wa Berlin, watu kama 75,000 wakajaa. Jesse Owens alikuwepo, kwenye uwanja uleule aliochukua dhahabu nne mwaka 1936 Hitler akiwa madarakani. Vijana waliokuwa wakinyimwa chumba hotelini kwao Marekani walishangiliwa dunia nzima.

Mwaka 1961 akaanzisha ligi yake kushindana na NBA, akaweka mstari wa pointi tatu. Ligi ikafa Desemba 1962, ila mstari haukufa. NBA wakauchukua msimu wa 1979–80. Saperstein hakuuona, na hata heshima ya kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa kikapu aliipata 1971, miaka mitano baada ya kifo.

Kwa mtazamo wangu, huyu mzee alifungua mlango, halafu akasimama palepale mlangoni akikusanya kiingilio. Bila yeye vijana wengi wasingeonekana kabisa. Kwa sababu yake wengine walichelewa kupata wanachostahili. Yote mawili ni kweli, na mimi siwezi kufuta moja.

Haya wadau, nyie mnamwonaje? Shujaa au mjanja wa mjini? Uwanja ni wenu.